Mkoba wa Sindano na Uzi

Kila niendapo visiwa vya Lamu mke wangu hunifungia mikoba miwili. Wa kwanza una kanzu, kikoi, daftari na kalamu, kama ilivyo ada ya mwandishi. Wa pili ni mdogo, nao una pakiti za sindano, uzi mweupe, betri za redio, mkasi wa kucha, miwani ya kusomea ya nguvu tatu au nne mbalimbali, kahawa ya kusagwa na tangawizi kavu. Vitu vyote hivyo vikijumlishwa havifikii nauli yangu ya basi kutoka Mombasa hadi Mokowe. Abiria wenzangu wanionapo nimeukumbatia mkoba huo mapajani huniuliza kama nimeacha magazeti nikaingia uchuuzi. Nami huwajibu kwamba naam, nimeingia, ila biashara yenyewe haijanipa faida ya kuhesabika.

Ndugu msomaji, mkoba huo sikuuanza kwa hekima. Niliuanza kwa aibu, na aibu yenyewe nitaieleza, maana umri wangu sasa waniruhusu.

Ni zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nilikuwa ndio kwanza naandikia gazeti, nina viatu vipya na haraka nyingi. Nikashuka katika gati moja ya kisiwa cha Pate, nikamwona mzee ameketi juu ya mashua kuukuu iliyopinduliwa, kanzu yake imechakaa, miguu mitupu, bakora mkononi. Moyo ukaniingia huruma. Nikatoa noti ya shilingi mia, nikamtia kiganjani mbele ya abiria wote waliokuwa wakishuka. Mzee akaitazama noti, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. Alimwita mtoto aliyekuwa akivua kwa mshipi pale gatini, akampa ile noti akanunue peremende yeye na wenziwe. Kisha akanigeukia, akauliza kwa upole kabisa:

“Mgeni, umenisalimu?”

Sikuwa nimemsalimu. Nilikuwa nimempa sadaka mtu ambaye sikumpa hata salamu. Baadaye nikaambiwa kwamba yule ni fundi wa mashua, na kwamba vyombo kadhaa vilivyokuwa vimefungwa pale gatini vilitoka mikononi mwake. Jioni ile ile akatuma mjukuu wake kuniita. Nikala wali na samaki wa kupaka nyumbani kwa mtu niliyemdhania mwombaji, naye akawa ananimegea minofu kwa mkono wake kwa sababu mimi ni mgeni. Sikumbuki chakula kingine kilichokuwa kitamu vile na kigumu vile kumeza.

Usiku huo sikupata usingizi upesi. Nilikumbuka chuoni. Maalim wetu, Mungu amrehemu, alitusomesha juzuu ya Amma tukiwa wadogo hata hatujajua kufunga vikoi vyetu wenyewe. Sura ya Al-Maun, ya 107, ina aya saba tu, na jina lake ni neno lake la mwisho. Wafasiri wamelieleza neno hilo kwa njia zaidi ya moja. Wako waliosema ni zaka. Ibn Masud, sahaba wa Mtume, imepokewa kwamba alilieleza kuwa ni vile vyombo ambavyo watu huazimana majumbani, kama vile chungu, shoka na ndoo. Maalim wetu akatuongezea vya kwetu: sindano, chumvi, kaa la moto la kuwashia jiko. Sisi tulicheka. Tulidhani dini kubwa kama hii haiwezi kushughulika na sindano.

Tena kuna jambo lingine ambalo tulilihifadhi bila kulifikiri. Katika aya ya 60 ya Sura ya Tawba wametajwa watu wanane wanaostahili kupewa zaka. Fakiri ametajwa mwanzo. Wa mwisho wao ni msafiri. Yaani mimi, niliyeshuka gatini na noti mkononi, kwa hesabu ya dini nilikuwa katika orodha ya wanaopewa. Yule fundi alilijua hilo, ndiyo maana alinilisha.

Basi tangu siku hiyo nikaacha kwenda vijijini na noti za kugawa. Nilianza kuuliza wazee, baada ya salamu na baada ya kahawa, ni kitu gani kimewashinda. Majibu yalinishangaza. Ni wachache waliotaja pesa. Serikali nayo imeingia katika jambo hili: tangu 2018 Mkenya aliyetimiza miaka 70 na ambaye hana pensheni huandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, akapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Si haba kwa mtu ambaye hakuwa na kitu, ingawa wazee hulalamika kwamba hungojwa mpaka macho yakauke. Lakini hata zikija kwa wakati wake, pesa hizo haziwezi kumkata mtu kucha.

Usicheke, msomaji. Mtu wa miaka themanini mwenye mgongo mgumu hawezi kuinama akafikia vidole vyake vya miguu. Kucha hukua, zikawa nene, zikajipinda. Kiatu humuuma. Huacha kutembea, huacha hata kwenda msikitini, na mtaa mzima husema masikini, mzee amekwisha. Kumbe ni kucha tu! Nimewakata kucha wazee watano au sita katika safari zangu. Kazi yenyewe ni ya utaratibu: miguu hurowekwa katika maji ya vuguvugu mpaka kucha zilainike, kisha hukatwa kidogo kidogo, bila pupa. Mmoja wao, nilipokwisha, alisimama, akazunguka ua mara mbili, akaniambia kwamba alikuwa amesahau kama ana vidole kumi.

Wengine hutaka betri. Redio ipo, mtoto aliileta kutoka Mombasa, lakini imenyamaza tangu mwezi uliopita na hakuna aliyekumbuka kuuliza kwa nini. Wengine hutaka kusomewa barua za ardhi zilizo sandukuni, au vyeti vya hospitali. Na wengi, wengi sana, hutaka kuona karibu. Mtu akipita miaka arubaini jicho hupungua nguvu ya kuona kilicho karibu naye. Si ugonjwa, ni umri, nayo miwani ya bei ndogo huliondoa tatizo hilo papo hapo. Mtoto wa jicho ni jambo jingine. Huyo hatibiwi kwa miwani ya mkobani mwangu, ni wa daktari, na upasuaji wake kwa kawaida haumalizi hata saa nzima. Nimewahi kumwandikia mzee mmoja kwenye karatasi aende hospitali gani na siku gani, na hilo nalo lilikuwa msaada.

Nao wako wapendao kwenda vijijini na magunia ya unga na mpiga picha. Sitawazuia, unga ni unga, na mwenye njaa haulizi umeletwa na nani. Lakini nimeshuhudia ajuza akisimamishwa juani ashike gunia asiloweza kulibeba, aambiwe acheke, kisha gari liondoke na gunia libaki pale njiani likingoja kijana wa kulipeleka nyumbani. Mimi naona aliyelibeba gunia lile mpaka jikoni ndiye aliyetoa sadaka siku hiyo.

Sasa nifikie safari iliyonifanya niandike makala haya.

Shawwal iliyopita nilikwenda tena Pate. Kijiji sitakitaja, na msomaji akifika mbele ataona kwa nini. Kusi ilikuwa imeshaingia. Tuliondoka Lamu maji yakijaa ili tuweze kupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara ambao maji yakitoka chombo hukwama, na hata humo ndani mawimbi yalitunyeshea. Tulifika tumelowa kama samaki. Baada ya swala ya alasiri mtu mmoja msikitini, aliyeujua mkoba wangu, akanambia, “Una sindano? Basi nenda kwa bibi yule wa nyumba ya mkoko, adarizi kofia.”

Nikaenda, nikapiga hodi. Bibi alikuwa amekaa jamvini barazani kwa ndani, mgongo umeegemea ukuta, mapajani mwake kofia ya vito karibu kumalizika. Msomaji wa pwani anaijua kofia hii: kitambaa cheupe, ua limechorwa kwa kalamu ya risasi, kisha kila tundu dogo, na ni mamia kwa mamia, huzungushiwa uzi kwa mkono. Ile nzuri huchukua miezi. Watu huivaa Idi na harusini, wakaulizana bei, wasiulizane ni macho ya nani yaliyokwenda humo.

“Ndoo uketi, mwanangu,” akanambia. “Mato yangu yaona jahazi likiwa mbali kule nje, lakini tundu la sindano hayalioni.”

Nikatoa miwani. Akaijaribu ya kwanza, akaijaribu ya pili, ya tatu akanyamaza. Akainua kofia, akaitazama kazi yake mwenyewe, akasema, “Kumbe hapa nilikosea,” akaanza kufumua palepale. Lakini hata kwa miwani hiyo mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na uzi haukuingia tunduni. Ndipo akanionyesha mto mdogo uliokuwa kando yake, umechomwa sindano kumi, kila moja na uzi wake unaning'inia. Mjukuu wake, mtoto wa bintiye aliyefariki, humtilia uzi sindano hizo kila alfajiri kabla ya kwenda baharini. Bibi hudarizi mpaka sindano ya kumi iishe uzi, kisha huweka kofia, akakaa. Kijana akilala visiwani siku tatu na wavuvi wenziwe, bibi naye hukaa siku tatu mikono mitupu.

“Uzi ninao,” akasema. “Ulonipungukia ni wingi wa sindano.”

Nilikuwa na pakiti mbili, sindano hamsini. Nikampa zote. Kijana mwenyewe alikuwepo uani akishona wavu, umri wake kiasi cha miaka kumi na tisa. Alizipokea akakaa chini, akazitia uzi zote kwa mkupuo mmoja, na bibi akawa anazihesabu kwa sauti kama mtu ahesabuye pesa za mahari.

Ningaliondoka hapo ningalikuwa na kisa kizuri cha kuandika, nami ningelala vyema. Lakini bibi alitoa chini ya mto simu, zile ndogo za tochi ambazo sisi huziita mulika mwizi, akaniletea.

“Wewe u mtu wa kusoma. Nisomee mwanangu asemani. Kila mwezi hunitumia elfu mbili, huyu kijana hunendea dukani kuzitoa. Sasa mwezi wa pili huu, kimya. Nimeingiwa na hofu.”

Kule uani sauti ya wavu ilikatika. Sikuinua kichwa, lakini nilijua kijana ananitazama.

Tangu mwaka 2007, ilipoanza kutumwa pesa kwa simu katika nchi yetu, ujumbe wa pesa umekuwa ndiyo barua ya mtoto aliye mbali. Nikafungua. Zilikuwapo jumbe za kampuni ya simu, za mikopo, za bahati nasibu, nyingi mno. Nikateremka chini. Nikateremka tena. Ujumbe wa mwisho wa pesa kutoka kwa mwanawe niliupata karibu na mwisho kabisa, wa shilingi 1,500, na tarehe yake ilikuwa imepita miaka miwili na miezi. Baada ya huo hapana hata mmoja.

“Bibi,” nikasema, “ujumbe wa mwezi huu sijauona.”

“Na wa mwezi ulopita?”

“Nao sijauona.”

Yote niliyosema yalikuwa kweli, nami nilijihisi kama muuza duka aliyebonyeza mzani kwa kidole. Bibi akavuta pumzi, akachukua simu yake, akairudisha chini ya mto.

Kijana alinisindikiza msikitini kwa swala ya magharibi. Tukiwa njiani, bila kuulizwa, akanieleza. Mjomba wake aliacha kutuma. Mwezi wa kwanza bibi hakula siku mbili. Alidhani mwanawe amekufa njiani, maana ni dereva wa lori. Basi kijana, ambaye huzamia kamba na wenziwe na kuwauzia wachuuzi wa Lamu, akachukua sehemu yake, akaja nayo nyumbani, akasema mjomba ametuma. Bibi akala.

“Nilitaka iwe mwezi ule tu, ami,” akanambia. “Mwezi wa pili nikaona haya kuacha.”

Miaka miwili akaifanya kazi hiyo. Sasa kusi imeingia, bahari imechafuka, chini hakuonekani, na wazamiaji wote wako pwani wakishona nyavu. Mfuko wake mtupu, na kwa sababu yake mjomba naye “ameacha kutuma”. Akanishika mkono, akaniomba nimwambie bibi kwamba nimeuona ujumbe, kwamba pesa ziko njiani.

Sikumjibu. Niliswali, lakini mawazo yangu yalikuwa mfukoni. Elfu mbili nilikuwa nazo. Ningaliweza kumpa kijana akampelekea bibi kwa jina la mjomba, kama ada. Najua wanavyuoni wameruhusu neno lipindishwe kidogo kwa ajili ya kupatanisha watu, lakini sikuwa na yakini kwamba ruhusa hiyo yafika hadi kutunga jumbe za simu zisizokuwapo. Na zaidi ya hilo, mimi ni mpita njia. Mwezi ujao ningekuwa Mombasa, kusi bado ingali ikivuma, na kijana angebaki na uongo wake ule ule, umeongezeka uzito wa wangu. Kumfichua nako niliona ni dhuluma. Alichokifanya yule kijana amekifanya kwa siri, na sifa yote akamwachia mtu mwingine. Mimi nimeandika juu ya sadaka mara nyingi katika magazeti. Sijawahi kutoa hata moja kwa jina la mwenzangu.

Asubuhi nikarudi kwa bibi nikamwambia nataka kofia. Alinipima kichwa kwa uzi, akafunga fundo, akanitajia bei. Sikuitetea. Nikalipa nusu yake iwe arbuni, naye akaipokea bila kushukuru, kama fundi apokeavyo haki yake, akanambia nisiiharakishe, nije Rajabu. Pesa zile zilitosha kuwavusha miezi miwili ya kusi kwa unga, mchele na mafuta. Kijana alizitazama, akanitazama, akachukua ndoo akaenda kisimani.

Alipokwisha toka, bibi aliikunja ile kofia aliyokuwa ameimaliza usiku kwa sindano hamsini, akaifunga katika kipande cha kanga, akanipa.

“Hii ni ya mwanangu. Mpelekee, ni amana. Mwambie mamake hajambo.”

Nikapokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshainuka aliponivuta kanzu nikaketi tena. Akasema kwa sauti ya chini, macho yake mlangoni:

“Mwanangu huendesha lori, hajawahi kushika mshipi. Lakini noti zake, huu mwaka wa pili, zanuka samaki.” Akaivaa miwani yake mpya, akachukua sindano mtoni. “Usimwambie kijana kuwa nimekwambia. Atafedheheka.”

Nilirudi Lamu kwa chombo cha adhuhuri, kofia i ndani ya mkoba mdogo ambao sasa haukuwa na kitu kingine.

Mombasa nikampigia simu mwanawe. Sauti yake ni ya mtu mpole. Aliniuliza habari za mamake, akaniuliza kama paa la nyumba linavuja, akasema maisha ya mjini yamekuwa magumu, na kwamba siku akikosa cha kutuma huona aibu kupiga simu, na akikaa asipige aibu huzidi. Akasema atakuja kuichukua kofia Ijumaa. Ijumaa hiyo hakuja. Ya pili alisema yuko Malaba. Ya tatu simu haikupokewa.

Kofia i juu ya kabati langu la vitabu, katika kanga yake, niandikapo haya. Jana kijana alinitumia ujumbe: bibi auliza kama amana imefika. Nikamjibu kwamba iko salama. Ijumaa hii nitaipeleka mwenyewe. Nimeshaulizia lori zao huegeshwa wapi.